Spika mpya za homu thieta lazima zipigishwe masaa mia ndo zifunguke?

Mkazi_Njiro: Wakuu habari za jioni. Nimechukua homu thieta ya 5.1 (spika tano na sabufa moja ya besi) hapa Arusha, nimefunga mwenyewe sebuleni, sasa sauti kavu, maongezi ya kwenye muvi yanachoma masikio halafu nikikaa kwenye kochi besi siioni, ila nikienda jikoni naikuta huko inanguruma. Jamaa aliyeniuzia anasema nisiwe na haraka, eti spika mpya ngumu, nizipigishe masaa mia ndo zitafunguka. Masaa mia jamani na mama mwenye nyumba yuko ukuta wa pili! Kuna ukweli hapo?

Chalii_Sakina: Upo mkuu. Zangu zilikuja zimeziba pua, baada ya kama mwezi zikawa tamu balaa. Weka reggae, funga mlango, nenda zako kazini.

FundiSpika_Moshi: Chalii tusimpoteze mwenzetu. Kulainika kupo, sibishi. Ile raba inayozunguka koni, yaani ile sahani ya spika inayocheza, na kile kitambaa cha mikunjo kinachoishika koni kwa nyuma, vikiwa vipya vinakaza, koni ikishacheza vinaachia na ile Fs, yaani hezi (mitikisiko kwa sekunde) ambazo wufa, ile spika ya sauti nzito, inapenda kutikisika yenyewe, inashuka kidogo. Lakini sehemu kubwa ya hiyo kazi inaisha masaa machache ya mwanzo, na tofauti yenyewe ukiiweka kwenye boksi lake huisikii kirahisi. Kinachobadilika sana kwenye huo mwezi wako ni sikio, linazoea. Na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, inacheza padogo mno, kwa hiyo ukali unaomchoma huyu hauondoki hata akipiga mpaka Krismasi. Mkazi, sebule ikoje? Tailizi, jipsam, ukuta mtupu?

Mkazi_Njiro: Umeingia kwangu nini 😂 tailizi, meza ya kioo, pazia nyepesi. Sabufa iko katikati chini ya TV.

FundiSpika_Moshi: Basi mgonjwa ni chumba. Tandika zulia zito kati ya TV na kochi, hiyo meza ya kioo itoe, pazia iwe nzito, uone kama maongezi hayajatulia. Besi nayo ipo, ila pale ulipokaa wimbi linalotoka kwenye sabufa na linalorudi kutoka ukutani yanauana, jikoni yanaongezana. Fanya hivi: ibebe sabufa uiweke hapo hapo kwenye kochi unapokaa, piga kitu chenye besi inayojirudia, halafu tambaa chini kandokando ya ukuta na kichwa usawa wa sabufa, watoto wakucheke tu. Pale besi inapojaa na kila noti unaitofautisha ndo pa kuiweka. Kona inaongeza besi ila mara nyingi inaleta mngurumo. Kwenye menyu ya risiva, ile mashine inayoendesha spika, kama spika zako ni ndogo chagua Small, krosova, yaani mpaka ambao besi ya chini yake inapelekwa kwenye sabufa, anzia 80 Hz. Ukipima pembe kutoka pale unapokaa, mbili za mbele nyuzi kama 30 kila upande kutoka katikati ya TV, za nyuma 100 mpaka 120, yaani ubavuni kwako kurudi nyuma kidogo, sio kule mlangoni.

Mama_Kiborloni: Na waya ameangalia? Moja ya mbele ikiwa nyekundu kwenye nyeusi, koni moja inatoka nje nyingine inaingia ndani, besi inapotea hivyo hivyo. Kama rangi za waya hazieleweki chomoa waya kwenye risiva kwanza, chukua betri ya AA, gusisha mara moja tu, chanya kwenye waya unaodhani ni wa chanya. Wufa ikiruka kuja mbele uko sawa, ikirudi ndani geuza. Usishikilie betri.

Chalii_Sakina: Sawa walimu, ila akipiga kubwa siku moja tu si zitaachia haraka?

Mama_Kiborloni: Hapana baba, risiva ikielemewa inakata vichwa vya mawimbi ya sauti na kinachoungua ni twita. Asikilize kawaida tu, muvi na taarabu, zitalainika zenyewe huku anaishi.

FundiSpika_Moshi: Naongezea, muulize muuzaji anapokea kurudishiwa ndani ya siku ngapi. Haya masaa mia ukiyahesabu kwa masaa mawili kila jioni ni karibu miezi miwili, hapo unaambiwa muda umepita. Boksi na risiti usitupe.

Mkazi_Njiro: Boksi wife ameshaweka vitunguu 😅 naenda kuliokoa, nikitoka hapo natambaa.