Bustani za wafalme wa Mughal kwenye michoro ya vitabu: mbona zinaonekana kama zimechorwa kutoka juu?

Swali la Mwenye_Uzi
Wakuu habari, nimekuwa naangalia ile michoro ya Baburnama, kitabu cha kumbukumbu za Babur, mfalme wa kwanza wa Mughal huko India, hasa ile ya Babur akisimamia ujenzi wa bustani yake ya Bagh-e Wafa, sasa kinachonichanganya ni kwamba mifereji ya maji unaiona kama uko juu ya paa ila watu na miti unawaona kwa ubavu, je wachoraji walikuwa hawajui au walifanya makusudi? Na hiyo bustani ilikuwepo kweli?

Kalamu_na_Wino
Ilikuwepo mkuu, tena Babur mwenyewe kaiandika. Aliianzisha 1508 au 1509 karibu na Adinapur, upande wa Jalalabad ya leo, Afghanistan. Anasema ilikuwa na michungwa na mikomamanga kuzunguka birika, na machungwa yakishaiva kuwa ya njano ndo inapendeza kuliko wakati wowote, na baadae akapeleka migomba na miwa huko vikastawi. Huyu mtu alikuwa anapenda bustani kwelikweli, hata alipomshinda sultani wa Delhi mwaka 1526 pale Panipat, kitu kilichomkera India ni joto, vumbi na kukosa maji yanayotiririka, akaanza kujenga bustani Agra.

Kuhusu kuonekana toka juu, ni makusudi kabisa. Bustani ya aina hii imegawanywa sehemu nne kwa mifereji inayokutana katikati, sasa ukiichora kwa ubavu maji yote yanajificha na huo mgawanyo hauuoni, na mgawanyo ndo bustani yenyewe! Mti ukiuchora toka juu unabaki duara la majani tu, hutajua kama ni mkomamanga. Kwa hiyo kila kitu kimechorwa upande ule kinapotambulika, mimi naona ni akili kubwa.

Msomaji_wa_Usiku
Naongezea kidogo, mchoro ulitengenezwa kama 1590, Babur alishafariki tangu 1530, ni karakana ya mjukuu wake Akbar, baada ya kitabu kutafsiriwa kutoka Kituruki cha Chagatai kwenda Kiajemi 1589. Bishndas ndo aliuchora, sura za watu akazifanya Nanha. Yaani walikuwa wanafuata maandishi, sio kwamba waliiona bustani siku inapandwa, hivyo usiutumie kupimia ukubwa wa eneo.

Mwenye_Uzi
Asanteni sana, kumbe! Na yule jamaa ameshika ubao wenye mistari ni nani?

Kalamu_na_Wino
Huyo ni msanifu, ule ubao ni ramani ya bustani, na pembeni kuna wafanyakazi wamevuta kamba ya kupimia. Nje ya geti kuna mabalozi wanasubiri, Babur yuko bize na wapimaji! Mchoro ni wa kurasa mbili, uko Victoria and Albert Museum, London, na kwenye tovuti yao unaweza kuuvuta ukawa mkubwa mpaka ukaona komamanga moja moja.