Ushauri: Wanakikoba wamenasa kwenye kundi la "uwekezaji" la WhatsApp, kila hoja inaitwa fikra za kimaskini

MwekaHazina
Habari za humu wakuu. Baadhi ya wanachama wa kikoba chetu (kikundi cha kuweka na kukopeshana) wameingizwa kwenye kundi la WhatsApp linalojiita "familia ya wawekezaji". Sasa wanashinikiza tuvunje kikoba kabla ya muda, pesa iende huko. Ukiuliza, unaambiwa una fikra hasi. Nianzie wapi?

Jiwe_la_Mto
Usianze na hesabu, anza na maneno. Huko pesa haiitwi pesa, inaitwa mbegu, na faida inaitwa mavuno. Mbegu ukishaifukia unangoja mvua. Nani atadai risiti ya mbegu? DECI, ule upatu uliokusanya pesa za watu hapa Tanzania, walitumia lugha hiyohiyo ya kupanda na kuvuna, huku wachungaji wakiwa mbele, hadi serikali ilipowafunga breki mwaka 2009.

Chukua tangazo moja la kundi hilo, mpe mwanakikoba kalamu aliandike upya. Penye "mbegu" aweke "laki mbili niliyomtumia mtu nisiyemjua". Penye "mavuno" aweke "pesa ya atakayeingia baada yangu". Aandike kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe, ushakuwa adui wa familia.

Nukta Mkato
"Fikra hasi" ni kifunga mdomo. Robert Jay Lifton, daktari wa akili Mmarekani aliyewahoji watu waliopitia "marekebisho ya fikra" nchini China, alishaeleza mwaka 1961 jinsi misemo mifupi ya namna hiyo inavyozima mjadala. Ukijibu "mimi si hasi", umeingia kumi na nane zao. Uliza kitu ambacho hakijibiki kwa kauli mbiu: leseni namba ngapi, imetolewa na nani, lini?

Na wasikuoneshe cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Huo ni usajili wa kampuni tu, si ruhusa ya kupokea amana za watu. Ruhusa ya amana hutoka BoT (Benki Kuu), ya hisa na mifuko ya uwekezaji hutoka CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji).

Kingine: mwanakikoba aliyemo afungue taarifa za kundi, ashuke chini kabisa. WhatsApp huonesha waliotoka au kuondolewa ndani ya siku 60. Awapigie wawili watatu. Admini husema "walikosa imani", wao watasema waliuliza nini.

MwekaHazina
Shukrani. Tatizo kuna wawili walishalipwa kweli.

Jiwe_la_Mto
Malipo madogo ya mwanzo ndiyo chambo, na shuhuda zao ndizo zinazoleta wengine. Sikilizia lugha ikibadilika: kwanza "tunaboresha mfumo", halafu "lipia kodi ili akaunti ifunguke". Ikifika hapo hata senti isitoke. Kodi halali hukatwa kwenye malipo au hulipwa TRA (mamlaka ya mapato) kwa kumbukumbu namba, haitumwi kwenye simu ya mtu. Picha za miamala na jumbe zipigwe mapema, maana kundi likifutwa ushahidi unapotea. Polisi wakiuliza kosa, ni kuendesha upatu haramu, limo kwenye Kanuni ya Adhabu.

Bi Mkubwa wa Kigogo
Kura ya kuvunja kikoba iwe ya siri, kwa karatasi. Mkiulizana hadharani "nani hayuko pamoja nasi?" mikono yote itanyooka, hata ya wenye wasiwasi. Na msome kwanza katiba yenu: huenda inadai theluthi mbili, si nusu na mmoja. Mwenye kutaka kuondoka apewe hisa zake tu, baada ya kukatwa mkopo anaodaiwa. Mfuko wa jamii usiguswe.