Naombeni ushauri: Cyprus na watoto watatu, upande upi una fukwe salama?

MamaWatatu
Habari za Jumapili wakuu. Niko Ujerumani na familia, mwaka wa sita sasa. Agosti hii ya 2024 nataka kuwapeleka watoto Cyprus wiki moja. Wana miaka 4, 7 na 11, na huyo mdogo akiona maji haulizi, anaingia. Nasikia Protaras na Ayia Napa, kule kusini, maji yana kina kifupi, ila kuna mtu kaniambia upande wa kaskazini, Girne, maisha ni nafuu. Nimeshindwa kuamua, hata usingizi hauji. Mliowahi kufika, upande upi?

Kiti cha Mbele
Nimewahi siti. Karanga ziko wapi?

Shangazi Pangani
Mwanangu, hela hiyo ungewaleta Pangani wamuone bibi yao, wale pweza, wajifunze kuamkia. Wajukuu zangu wa Sweden walikuja Desemba, mkubwa kanikuta uani ananiambia "mambo vipi". Sikumjibu mpaka jioni.

MamaWatatu
Shikamoo shangazi. Bibi yao yuko huku, kaja kututembelea. Tunakwenda naye.

NilisomaLefkosa
Nimeishi kaskazini miaka minne, chuo. Kwa mtoto wa miaka minne usihangaike: Fig Tree Bay, Protaras. Mchanga laini, maji yametulia, hayazami ghafla. Agosti joto kali, Lefkosa (Nicosia, mji mkuu) kule katikati linakaribia nyuzi 40, kwa hiyo saa sita mpaka saa kumi watoto wawe kivulini. Wanaendesha kushoto kama nyumbani na plagi ni za pini tatu, chaja yako ya Dar inaingia. Wakipenda wanyama, Alagadi kuna kasa wanataga. Sasa nikuulize dada, mnatua wapi?

MamaWatatu
Tunapitia Istanbul.

NilisomaLefkosa
Sijauliza mnapitia wapi. Mnatua wapi?

MamaWatatu
Ercan, uwanja wa ndege wa kaskazini. Bei ilikuwa karibu nusu. Kwani kisiwa si kimoja? Tutavuka kwenda kusini kwa miguu pale Mtaa wa Ledra, Lefkosa, halafu basi mpaka Protaras. Nimeona video, watu wanavuka wamebeba mikoba tu.

Mtu wa Riruta
Mkitaja Cyprus, sisi wa Riruta, Nairobi, tunamkumbuka Makarios. Askofu mkuu, tena rais wao wa kwanza. Mwingereza alimpeleka uhamishoni Ushelisheli 1956. Seminari ya Kiorthodoksi hapa kwetu ina jina lake. Endeleeni.

NilisomaLefkosa
Kisiwa kimoja, ndiyo, lakini kimekatwa tangu 1974. Kaskazini inatambuliwa na Uturuki peke yake, na serikali ya kusini haiihesabu Ercan kuwa mlango halali. Hao wenye mikoba kwenye video ni wa pasipoti za Ulaya. Wewe na yetu ya Tanzania unaweza kurudishwa palepale kizuizini, watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Mimi miaka minne nimekunywa kahawa hatua chache kutoka kizuizi hicho, upande wa pili niliuona kwa macho tu.

Bwana Mihuri
Mimi nataka kujua habari za bibi. Visa yake ikoje?

MamaWatatu
Ya kawaida. Siku 90.

Bwana Mihuri
Angalia palipoandikwa idadi ya kuingia. Ni MULT, yaani mara nyingi, au 01, mara moja tu?

MamaWatatu
01. Lakini Cyprus si iko Umoja wa Ulaya? Na euro wanatumia. Wakala amesema hakuna shida, amezoea. Na bibi asipokwenda nitabaki peke yangu na watoto watatu ufukweni, mume wangu hakupata likizo. Tiketi nimeshalipia, hata kofia nimemnunulia.

Bwana Mihuri
Umoja wa Ulaya wameingia 2004, euro 2008. Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye visa moja, hawamo. Bibi akigongewa muhuri wa kutoka Ujerumani, hiyo 01 imekwisha. Ninyi wenye vibali vya ukaazi mtarudi, yeye atabaki Istanbul na kofia yake. Na tiketi yake ya kurudi Dar nadhani inaanzia huko Ujerumani. Kama lazima kisiwa, nendeni Krete. Ni Ugiriki, imo ndani ya Schengen, mradi siku zake 90 hazijaisha. Elafonisi mtoto anatembea maji yako magotini.

Kijana wa Tandale
Samahani dada, huyo bibi ni mama yako au mama wa mume?

MamaWatatu
Mama mkwe. Kwa nini?

Kijana wa Tandale
Basi. Mpango nimeuelewa.

Mpekuzi
Wakuu mnakunywa chai, tena haina sukari. Huyu huyu mwezi wa tatu alifungua uzi anauliza mbegu za vitunguu Mang'ola, ekari mbili, mashine ya maji ya kukodi. Leo ana mwaka wa sita Ujerumani. Ekari amezibeba kwenye begi?

Kiti cha Mbele
Nilijua. Huyo ndiye wakala mwenyewe, anapima soko la Ercan.

NilisomaLefkosa
Wakala gani anayekuja kuulizwa 01 mbele za watu?

Shangazi Pangani
Hata kama unatudanganya mwanangu, usimwache mama mkwe Istanbul.

MamaWatatu
Sidanganyi. Shamba analima mdogo wangu, mimi nilituma mtaji, na yeye hana akaunti hapa, nikamuulizia.

Mpekuzi
Haya. Mlivuna magunia mangapi?

MamaWatatu
Hakuna gunia. Mvua za mwaka huu zimevikuta shambani, vimeoza. Mlidhani Ercan naipenda?

Mpekuzi
Pole sana. Ungesema mapema.

Mtu wa Riruta
Hata Loitoktok vitunguu vilioza. Kamba ya jembe yangu imebaki ukutani.

Kijana wa Tandale
Jembe lina kamba?

MamaWatatu
Wakuu turudi. Nimempigia wakala tangu asubuhi hapokei, ujumbe anausoma halafu kimya. Bibi bado sijamwambia, anajipima kofia kwenye kioo. Ikibidi Krete, kwa watoto ni Chania au Heraklion?

Bwana Mihuri
Chania. Elafonisi mnakwenda na kurudi siku moja kwa gari. Lakini usilipe chochote kabla hujahesabu siku za bibi, na zianzie siku aliyoingia.

MamaWatatu
Aliingia tarehe 25 Mei.

Bwana Mihuri
Basi mwisho wake 22 Agosti. Safari yenu tarehe ngapi?

MamaWatatu
Tunaondoka tarehe 19. Wiki moja.

Shangazi Pangani
Pangani.