Mrejesho: keneli niliyojijengea sasa inawaka kupitia mtandao

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliomba msaada kuhusu mashine tatu zisizo na diski: zilivuta keneli (kiini cha mfumo wa Linux) vizuri kwa PXE na TFTP (njia za kuwasha mashine na kupakua mafaili kupitia mtandao), kisha zinakwama na "VFS: Unable to mount root fs", yaani keneli imeshindwa kuufikia mfumo mkuu wa mafaili.

Aliyesema nikague draiva ya kadi ya mtandao ndiye aliyegusa penyewe. Niliiweka =m (moduli, yaani faili la pembeni linalopakiwa baadaye), wakati moduli zote ziko kwenye mfumo wa mafaili ulioko kwenye seva. Keneli ilihitaji draiva ili iufikie mfumo huo, na draiva imo humo humo! Nimeweka CONFIG_E1000E=y (draiva ya kadi ya Intel, sasa imo ndani ya keneli yenyewe), nikawasha CONFIG_IP_PNP_DHCP (keneli ijipatie anwani ya IP) na CONFIG_ROOT_NFS (itumie mfumo wa mafaili wa seva kupitia NFS, njia ya kushiriki mafaili mtandaoni). Hii ya mwisho ilinitesa, maana haionekani kwenye menuconfig (menyu ya mipangilio ya keneli) mpaka NFS_FS iwe =y na IP_PNP iwe imewashwa. Mstari wa kuwashia (maelekezo keneli inayopewa inapoanza) una root=/dev/nfs ip=dhcp, na nfsroot inaishia na ,vers=3 (toleo la NFS).

Ushauri wa kutumia make localmodconfig (amri ya kupunguza moduli zisizohitajika) haukunifaa. Inabakiza moduli zinazotumika kwenye mashine unayojengea, hivyo r8169 (draiva ya kadi ya mtandao ya Realtek) ya mashine ya tatu iliachwa nje. Nikairudisha kwa mkono, ikawaka.

Kilichobaki ni kuzima: mtandao unafungwa kabla ya NFS kuachiwa, mashine inaganda. Kwa sasa nazima kwa kitufe.

Asanteni sana, hasa mliosoma ile logi yangu ndefu mstari kwa mstari. Nilipoona alama ya # (mfumo umewaka, unasubiri amri) imetokea kwenye skrini nilifurahi mno.