Monita inawaka sekunde mbili kisha giza: nitengeneze au nitafute nyingine? (Moshi)

MamaKopi_Moshi:
Habari zenu wakuu. Nina steshonari ndogo Majengo, hapa Moshi. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza kadi za michango ya harusi na ratiba za ibada ya mazishi. Monita yangu ni ya inchi 19, ile ya umbo la karibu mraba. Niliikuta kwa aliyekuwa na fremu hii kabla yangu.

Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi nikiiwasha inaonyesha picha sekunde mbili hivi, halafu giza. Taa ya kwenye kitufe inabaki ya kijani. Kompyuta iko hai, maana nikibonyeza kuprinti karatasi inatoka. Nikizima na kuwasha tena na tena mwishowe inakubali, na ikishapata moto haisumbui hadi nafunga duka. Ila nyeupe imekuwa ya njano, na dakika za mwanzo kioo kizima kina wekundu.

Hilo la rangi ndilo linaloniumiza. Mtu anakuja na picha ya marehemu mama yake, imekunjwa, anataka ikae mbele ya ratiba. Kwenye kioo naona uso uko sawa, karatasi ikitoka ni wa bluu. Waliofiwa siwezi kuwapa kitu cha namna hiyo. Narudia mpaka ikubali, na wino ni wangu.

Fundi mmoja wa mjini kasema "kioo kimekufa, nunua nyingine", hata kuifungua hakuifungua. Mwingine anataka elfu arobaini abadilishe anachoita inveta. Nina laki mbili na nusu, ila kama inatengenezeka hela hiyo ina kazi nyingine. Kompyuta ni Dell OptiPlex ya zamani. Nyuma ina tundu la VGA na jingine lenye kona moja iliyokatwa ambalo sijawahi kulitumia. Nishaurini.

fundi_wa_ngarenaro:
Dada pole na kazi. Kioo hakijafa. Kioo kikifa unaona mistari, mabaka au ufa, hupati picha safi mchana kutwa.

Ikizimika kesho asubuhi, usiiwashe tena haraka. Punguza mwanga dukani, chukua tochi ya simu, mulika karibu kabisa na kioo kwa mshazari. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, kilichozimika ni taa ya nyuma. Kisha chomoa waya wa VGA uwashe monita peke yake. Itaandika kwamba haipati signali. Na maandishi hayo yakipotea baada ya sekunde mbili, basi kompyuta na waya havihusiki.

Monita za umri huo nyingi hazina LED. Ndani zina tyubu nyembamba za flurosenti, na inveta ndiyo inayozipa umeme, zaidi ya volti 1,000 wakati wa kuziwasha. Tyubu moja isipovuta umeme inavyotakiwa, inveta inazima zote ili kujilinda. Zile sekunde mbili zako ndizo hizo.

Sasa, kuna mambo mawili na usikubali fundi ayachanganye. Kusumbua kwenye baridi na kutulia ikipata moto, hapo nashuku kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) za bodi ya pawa. Zikikauka, umeme unaokwenda kwenye inveta unayumba nayo inazima; baridi inazizidishia ugonjwa, na joto linazipa nafuu. Lakini unjano na wekundu ni uchovu wa tyubu zenyewe. Ukibadilisha kapasita itawaka vizuri, ila rangi hazitarudi. Inveta ya elfu arobaini nayo hairudishi rangi.

Usiifungue mwenyewe, tafadhali. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya, na zile tyubu zina zebaki. Mpelekee fundi anayekubali uwepo akifungua.

mdau_kiboriloni:
Mimi yangu ilikuwa njano tupu, kumbe pini ya waya wa VGA imepinda. Anza na waya mama, ni bei ndogo.

fundi_wa_ngarenaro:
Mdau, ni kweli pini moja ikikosa kugusa rangi moja inapotea kioo kizima, na kukaza waya hakugharimu kitu. Lakini waya haufanyi wekundu unaoondoka kioo kikipata joto, wala hauzimi taa ya nyuma.

MamaKopi_Moshi:
Kaka fundi, ubarikiwe. Tochi imeonyesha hadi jina la faili, hafifu lakini linasomeka. Bila waya, maandishi yake nayo yakazimika vilevile.

Nimepata kijana hapa Moshi aliyekubali nikae pembeni yake. Kufungua tu, kapasita mbili zimevimba vichwa, moja imevuja kitu cha kahawia. Anasema elfu kumi na tano kwa zote za upande huo, mpya za kuhimili joto la nyuzi 105. Moyo wangu unasema atengeneze, monita hii ibaki kwa binti anayenisaidia kuchapa barua, na mimi nitafute nyingine ya picha. Ninunue ipi kwa laki mbili na nusu? Dukani nimeoneshwa ya inchi 27 iliyotumika, inang'aa sana.

KadiNaPicha_Arusha:
Umeamua vizuri. Maandishi hayadai rangi, sura ya mtu ndiyo inayodai.

Mimi natengeneza kadi karibu na Mnara wa Saa, na ningekuwa wewe ile ya inchi 27 ningeiacha. Uliza resolusheni yake, yaani idadi ya pikseli, nukta zinazounda picha. Nyingi za bei hiyo ni 1920 kwa 1080, idadi ileile ya pikseli za inchi 24, ila zimetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, hivyo herufi zinakuwa na chengachenga. Na kung'aa si ubora. Kioo kinachong'aa kupita kiasi kinakufanya uone picha ni nyeupe, unaipunguza mwanga, karatasi inatoka nyeusi.

Tafuta inchi 22 hadi 24 yenye paneli (kioo chenyewe cha ndani) ya aina ya IPS. Usiulize kampuni kwanza, uliza paneli. Muuzaji asipojua, soma namba ya modeli mgongoni uitafute kwenye simu palepale. Kisha weka picha ya uso wa mtu, sogea kushoto, kulia, halafu chuchumaa uitazame toka chini. Kwenye paneli za TN, aina nyingine utakayokutana nayo, ukichuchumaa ngozi inageuka giza kabisa, hata macho yanapotea. IPS inabaki karibu ileile. Kwa mtu anayesahihisha nyuso siku nzima, tofauti hiyo inazidi inchi zozote utakazoongezewa.

Zilizotumika kutoka maofisini ni nzuri, nyingi zina stendi ya kupanda na kushuka. Ila usilipe kabla haijawaka nusu saa mbele yako. Jaza kioo rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe tafuta kivuli cha maandishi ya zamani na pembe zenye unjano. Kwenye nyeusi tafuta vidoa vinavyowaka. Bonyeza vitufe vyote vya menyu, vya mtumba hufa kimyakimya.

Tundu lenye kona iliyokatwa ni DisplayPort. Litumie hilo, achana na VGA. Monita ikiwa na HDMI tu, waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI unatosha. Hakikisha mwelekeo wa waya ni huo, maana nyaya nyingi hazifanyi kazi kinyume.

Ukifika dukani kwako weka menyu kwenye sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida, shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo, punguza mwanga mpaka vilingane. Usiiweke ikitazama mlango.

MamaKopi_Moshi:
Asante sana. Nimeona moja ya inchi 24, IPS imeandikwa kabisa, laki mbili na ishirini. Nimechuchumaa, uso haukubadilika. Shida adapta yake haipo, muuzaji ananipa ya laptopu, anadai inaingia.

fundi_wa_ngarenaro:
Kuingia si hoja. Nyuma ya monita pameandikwa volti na ampea. Volti ya adapta iwe ileile, ampea iwe ileile au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi kwenye ncha ulingane. Kimoja kikikosekana, mwambie atafute yake na akupunguzie bei. Na umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, usubiri utulie ndipo uwashe.

MamaKopi_Moshi:
Monita inataka volti 19, ya kwake ni 19.5. Niikatae?

fundi_wa_ngarenaro:
Hiyo nusu volti haina madhara. Angalia ampea na ncha, kisha iwashe nusu saa yako hapohapo dukani kwake.