Naomba ushauri: binti yangu anataka kusomea uchongaji wa sanamu

Habarini ndugu zangu. Niko Changamwe, Mombasa. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na moyo wake wote uko kwenye uchongaji. Mkono anao kweli: tangu utotoni hushinda kwa wachongaji Wakamba hapa mtaani, na hata mpingo, mgumu ulivyo, anauchonga kwa tezo na patasi bila kuupasua. Sasa anataka kujua udongo, plasta na chuma pia. Baba yake anashikilia uhasibu.

Nawaza Chuo Kikuu cha Kenyatta, au Makerere, wanakofundisha sanaa tangu 1937. Mliosomea huko, wanaangalia alama tu au na kazi za mikono? Na je, mnaishi kwa kazi hiyo? Nisaidieni, tafadhali.