Gumzo la familia: ile dola moja na nusu ya 911

Kaka: Shikamooni wakubwa. Leo nimeisoma bili ya simu mstari kwa mstari. Kuna dola 1.50 imeandikwa 911, kwa kila laini, na humu ndani laini ni nne. Hiyo hela inaenda kwa nani?

Baba Mdogo: Marahaba. Inaenda serikalini. Lipa tu mwanangu, utafanyaje?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo la maana, na mdogo wangu asikukatishe tamaa. 911 ndiyo namba ya dharura hapa Marekani, na hiyo ni ada yake. Katika jimbo letu la Illinois imekuwa dola 1.50 tangu Januari 2018, isipokuwa Chicago ambao wana kiwango chao. Kampuni ya simu haili hata senti moja ya maana, kazi yake ni kukusanya. Hela inapelekwa jimboni, jimbo linazigawia bodi za simu za dharura za kaunti na miji. Mnajua mimi nimo kwenye bodi moja.

Mama: Wifi, na sisi wa kununua muda wa maongezi dukani? Hatuna bili.

Shangazi: Unalipa palepale kaunta, wifi. Nje ya Chicago ni asilimia 3 ya bei. Angalia risiti.

Kaka: Shangazi, kwenye bodi unawakilisha nani? Nilidhani ni polisi na zimamoto peke yao.

Shangazi: Wao ndio wengi. Sheria inataka bodi isipungue watu 5, na angalau 3 watoke kwenye vyombo vya usalama: polisi, zimamoto, gari la wagonjwa. Lakini lazima awepo mwananchi wa kawaida anayeishi ndani ya eneo. Kiti hicho ndicho changu. Nakikalia kwa niaba yenu nyote mnaolipa.

Baba Mdogo: Dada, nami niseme la moyoni bila kukuvunjia heshima. Nimesikia diwani mmoja anataka kaunti iazime hela kwenye mfuko wenu irekebishe barabara. Mimi namuunga mkono. Hela zimelala benki, na barabara ina mashimo ya kuvunja ekseli. Si zote ni hela za wananchi?

Shangazi: Ni za wananchi, ndiyo, ila wananchi walikatwa kwa kazi moja. Zinakaa kwenye mfuko wake, mweka hazina anazitunza tu. Hazitoki mpaka bodi ipitishe azimio, na kura zinahesabiwa kwa wajumbe wote, siyo kwa waliohudhuria siku hiyo. Watatu kati ya watano wakiwa hawapo, wawili hawawezi kukutana wakaidhinisha hundi.

Shangazi: Na matumizi yameandikwa. Mitambo, matengenezo, kanzidata ya anwani, mishahara ya wapokea simu. Barabara haimo.

Shangazi: Vibao vya majina ya mitaa vimo, lakini vile tu ambavyo mfumo hauwezi kufanya kazi bila hivyo, na ambavyo si jukumu la idara ya barabara. Ona sheria ilivyobana hata kibao.

Baba Mdogo: Vibao sawa. Gari la wagonjwa litasomaje mtaa usio na jina. Lakini hamjanijibu kwa nini hela nyingi zimelala.

Dada: Baba Mdogo shikamoo, ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku ya kupokea simu za 911, naomba nilijibu hilo mimi. Hazijalala. Zinasubiri mitambo. Kile kiti changu kina skrini sita, redio, ramani na kinasa sauti, na vyote vina umri wa kustaafu. Fundi akisema vipuri havitengenezwi tena, huendi kukopa usiku ule.

Dada: Mtu akipiga kwa simu ya mezani, anwani inatokea. Akipiga kwa simu ya mkononi naletewa duara kwenye ramani, na ndani ya duara kuna jengo la ghorofa nane. Mama anapiga kelele mtoto amepaliwa, mimi namuuliza uko ghorofa ya ngapi, mlango namba ngapi, huku namwelekeza ampige mtoto mgongoni, na mkono mwingine naliita gari la wagonjwa kwenye redio. Mitambo mipya inalipunguza lile duara. Hiyo ndiyo hela iliyolala.

Mama: Mungu akutie nguvu mwanangu. Mtoto alipona?

Dada: Alipona Mama. Nilimsikia akilia, nikalia na mimi.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Sasa hiyo dola 1.50 inatosha?

Dada: Haitoshi. Mishahara ndiyo mzigo mkubwa, maana kiti hakikai wazi hata Krismasi. Sehemu nyingi kaunti na miji zinaongezea kutoka kwenye kodi zao. Ndiyo maana mtu akitaka kuchota upande huu, sisi wa zamu tunashtuka.

Kaka: Lakini wakichota kimyakimya, nani atajua?

Shangazi: Kuna macho ya ngazi tatu. Kila bodi inapeleka taarifa ya mapato na matumizi jimboni, na tangu 2016 wasimamizi wa 911 ni Polisi wa Jimbo. Juu yao kuna sheria ya shirikisho ya 2008, inayoitaka Tume ya Mawasiliano ya shirikisho iliambie Bunge la Marekani kila mwaka jimbo gani limetumia ada ya 911 kwa mambo mengine. New York imetajwa humo mara nyingi. Jimbo likitajwa linaweza kukosa ruzuku za 911 za serikali ya shirikisho.

Shangazi: Lakini mimi nategemea zaidi jicho la tatu, ambalo ni nyinyi. Ripoti inafika hela imeshatoka. Mtu aliyekaa ukumbini anauliza kabla.

Kaka: Tunaruhusiwa kuingia?

Shangazi: Mkutano ni wa wazi kisheria. Ajenda inabandikwa saa 48 kabla, na mwananchi ana nafasi ya kusema. Mara nyingi viti vya wananchi vinakuwa vitupu, na hilo linaniumiza kuliko hoja ya diwani.

Kaka: Basi nakuja. Niulize nini?

Shangazi: Uliza salio la mfuko. Uliza mitambo inabadilishwa mwaka gani na kwa bei gani. Kisha uliza kama kuna azimio lolote la kuazimisha, na kifungu gani cha sheria kinaruhusu. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Baba Mdogo: Mimi pia nakuja. La barabara nitalipeleka kwenye kikao cha kaunti, huko ndiko kwake. Dada yangu, mkutano wa bodi yenu ni lini?

Shangazi: Jumanne ijayo, saa kumi na mbili jioni. Ajenda ikibandikwa naituma humu. Wifi, ukiwa na jirani anayelalamikia bili, mlete.

Mama: Ninao wawili. Nawapigia sasa hivi.